Daftari la Fundi Redio

Umenijia na kalamu, kijana, unataka tarehe:
bendi ilizaliwa lini, nani alianza, nani alitoka.
Mimi sikupanda jukwaani hata siku moja.
Mimi fundi redio, hapa Shela ya Malindi, nyuma ya duka la halwa,
na ninachokijua kuhusu Radi ya Pwani
kimo humu, katika daftari la madeni.

Soma. Sabini na sita, mwezi wa Machi:
*Amplifaya ya Lali Famau. Vali mbili zimeungua. Hajalipa.*
Basi ndiyo siku waliyozaliwa.
Injinia mmoja wa Kanada, mchimba visima,
alimwachia Lali gitaa jekundu na kaseti moja
ya vijana wa kwao, nywele hadi mabegani,
wanapiga kama watu wanaovunja mlango wa jela.
Lali aliisikiliza hata utepe ukakatika.
Nikauunga kwa rangi ya kucha ya dada yangu.
Pale nilipounga pana mruko, *pah!*
na Lali akajifunza wimbo pamoja na mruko wake,
akidhani ndivyo wapigavyo huko kwenye theluji.
Hadi leo wanaupiga.
Wageni husema: ubunifu ulioje!

Themanini na mbili: *Spika imepasuka. Teke.*
Teke la Kitsao, mtu wa Muyeye,
aliyekuja na mikono ya mwanzele
akaipiga ngoma ya kizungu mpaka ikasalimu amri.
Waligombana kwa ajili ya malipo ya hoteli ya Mtaliano,
au kwa ajili ya jina la nani liandikwe kubwa;
nilisikia yote mawili, na la tatu sikuambii.
Kitsao akaenda Mombasa kuendesha lori.
Baada yake nimehesabu wapiga ngoma sita,
kwa vijiti walivyosahau mezani kwangu.

Hapa pana kurasa tupu. Usizirushe.
Miaka hiyo walivaa mashati ya maua,
wakapiga polepole watalii wapate kumenya kamba.
Hakuna kilichoungua. Hakuna kilichopasuka.
Lali alikuwa akipita dukani bila gitaa,
anauliza bei ya betri, hanunui.

Tisini na saba, mvua ile iliyotuhamisha:
*Amplifaya imelowa. Mchanga. Kaa mmoja, mzima.*
Nilidhani wameisha. Siku ya tano
wakaja wanne, wawili siwajui,
wakasimama mlangoni kama watu wa hospitali:
*Itapona?*

Halafu kisukari kikachukua mguu wa Lali.
Akapiga ameketi, kiti cha plastiki,
na naapa alipiga kwa sauti kubwa zaidi,
kana kwamba mguu ule ndio uliokuwa ukimzuia.

Elfu mbili na tisa: *Gitaa jekundu. Waya wa ndani. Bure.*
Alilileta Mwanakombo, bintiye, siku ya arubaini.
Hakulia. Aliniomba nilikaze ufunguo wa nyuzi,
kisha akapiga papo hapo, juu ya redio za watu,
na ulipofika mruko, mkono wangu
ukatafuta kichupa cha rangi ya kucha.

Sasa unauliza kama hii bado ni bendi ile ile,
maana hakuna aliyebaki katika wale wa picha.
Mimi nimebadilisha vali, nimebadilisha transfoma,
spika mara nne, nyaya sijui mara ngapi.
Kilichobaki ni sanduku la mbao
na jina lililoandikwa kwa rangi ya mlango.
Wanaendelea kuliita Mzee. Nalo linaitika.

Mwanakombo alitaka kulipa lile deni la Machi.
Nikamwambia ukurasa ule umeshikana.

Andika hivyo, ukitaka.
Ila nirudishie daftari kabla ya adhuhuri;
pasi ya Mama Dama imo humo,
na yeye si mtu wa kusubiri historia.